Excel yatosha, au tuhamie kwenye hifadhidata?

Swali: "Mimi ni karani wa chama cha akiba na mikopo chenye wanachama 1,400 hivi. Kumbukumbu zote ziko kwenye Excel: faili la akiba, la mikopo, la marejesho, na kila mwaka tunaanza mapya. Tuko makarani watatu, tunapeana mafaili kwa flashi na WhatsApp. Kijana anayetaka kututengenezea mfumo anasema lazima tuwe na mfumo wa usimamizi wa hifadhidata. Mhasibu wetu anasema hizo ni gharama za bure, Excel yatosha. Kitu hiki ni nini hasa, kitatusaidia nini, na tukikubali tuanzie wapi?"

Ndugu karani, mhasibu hajakosea kuipenda Excel, na kijana hajakosea kuikataa. Wanazungumzia kazi mbili tofauti. Excel ni karatasi ya hesabu: unaandika chochote, popote, nayo inapokea. Mfumo wa usimamizi wa hifadhidata ni karani mkali aliyekaa kati ya watu na daftari. Hakuna anayeligusa daftari mwenyewe. Kila mtu anapeleka ombi dirishani, na mfumo unaamua: hili naandika, hili nakataa, wewe subiri mwenzako amalize, wewe huna ruhusa ya kuona ukurasa huu. Hifadhidata ni zile kumbukumbu zenyewe. Mfumo wa usimamizi ni programu inayozitunza, mfano PostgreSQL, MySQL au SQLite. Hizo tatu unaweza kuzitumia bila kununua leseni. Unachomlipa kijana ni fomu, skrini na ripoti zinazokaa juu yake, pamoja na akili ya kupanga kanuni.

Tuanze na jambo ambalo bila shaka limeshawapata. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, ina tarakimu 20. Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba yoyote. Zinazobaki huzigeuza sifuri bila kukuuliza. Ukiandika namba ya mwanachama mfululizo, bila vistari, seli inakuonyesha kitu kama 1.98507E+19, na hata ukiipanua seli, tarakimu tano za mwisho zimeshapotea, hazirudi. Simu inayoanza na 0 inabaki bila hiyo 0. Tarehe 03/07/2024 kwenye kompyuta yenye mpangilio wa Kimarekani inasomwa Machi 7, wakati 13/07/2024, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, inabaki maandishi matupu na haiingii kwenye hesabu yoyote ya siku za kuchelewa. Uingereza mwaka 2020, matokeo 15,841 ya waliokutwa na Uviko-19 yaliachwa nje ya takwimu za kila siku kwa sababu yalipitishwa kwenye faili la Excel la muundo wa zamani, .xls, ambao mwisho wake ni mistari 65,536. Iliyozidi ilikatwa, na faili halikulalamika.

Kwenye hifadhidata, kabla ya kuingiza hata jina moja, mnaandika kanuni. Jedwali la wanachama lina safu zake, na kila safu ina aina. NIDA ni maandishi ya tarakimu 20 kamili, si namba, maana hakuna atakayeijumlisha. Simu ni maandishi. Tarehe ya kujiunga ni tarehe, na Februari 31 haipiti. Kiasi cha rejesho lazima kizidi sifuri. Pesa ziwe NUMERIC(14,2), yaani tarakimu 14, mbili zikiwa za senti. Hapo kwenye pesa msimamieni kijana kwa karibu. Wapo wanaotumia FLOAT, ambayo hutunza desimali kwa kukadiria: kwake 0.1 ukijumlisha na 0.2 unapata 0.30000000000000004. Kwa shilingi nzima hutaona kitu, ila riba ya asilimia 1.25 ikishapigwa kila mwezi kwenye mikopo mia kadhaa, jumla mbili zilizotakiwa kulingana zinaweza kupishana kidogo sana, na mtakesha mkitafuta kosa ambalo hakuna karani aliyelifanya.

Kisha yapo mahusiano ya majedwali. Kwenye Excel yenu jina la mwanachama huenda limeandikwa kwenye kila mstari wa rejesho: mahali Mwanahamisi, mahali Mwana Hamisi, mahali M. Hamisi. Kwenye hifadhidata iliyopangwa vizuri jina linakaa mara moja tu, kwenye jedwali la wanachama. Jedwali la mikopo linabeba namba ya mwanachama, na la marejesho linabeba namba ya mkopo. Jina likibadilika mnasahihisha mstari mmoja. Namba inayomtambulisha mwanachama ndiyo ufunguo mkuu. Inapotajwa kwenye jedwali jingine inaitwa ufunguo wa kigeni, nao unalindwa. Ukiandika rejesho la mkopo namba 912 na mkopo huo haupo, ombi linarudishwa. Ukijaribu kumfuta mwanachama mwenye deni, linarudishwa vilevile.

Namba ya simu isiwe ufunguo mkuu. Laini iliyolala muda mrefu hupewa mtu mwingine, na siku huyo mtu mwingine akijiunga na chama chenu mfumo utamkataa, kwa kuwa ufunguo huo tayari ni wa mwanachama mwingine. Hata NIDA msiitumie hivyo, kwa sababu karani akiikosea siku ya kwanza mtakuja kuirekebisha kwenye majedwali manne. Acheni mfumo uzalishe namba yake wenyewe, na NIDA iwekewe sharti la kutojirudia. Sharti hilo peke yake litawafichulia waliosajiliwa mara mbili.

Wazo la kupanga data kwa majedwali ya namna hii lilichapishwa mwaka 1970 na Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa IBM huko San Jose, California. Kabla yake mwandishi wa programu alilazimika kujua kumbukumbu imekaa vipi kwenye diski na aifikie kwa njia gani. Mpangilio ukibadilika, programu nayo inavunjika. Codd alitaka mtu aseme anachohitaji, kutafuta aachiwe mashine. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce, nao wa IBM, wakaandika kuhusu lugha iliyokuja kuitwa SQL. Ombi lake linaonekana hivi:

SELECT w.jina, m.namba, m.kiasi
FROM mikopo m JOIN wanachama w ON w.id = m.mwanachama_id
WHERE m.tarehe_ya_mwisho < CURRENT_DATE AND m.hali = 'wazi';

Yaani: nipe jina, namba na kiasi cha kila mkopo ambao tarehe yake imepita na bado haujafungwa. Hakuna mahali paliposemwa "fungua faili la 2023, shuka hadi mstari wa 400".

Sasa twende kwenye sababu kubwa zaidi kwa chama chenye makarani watatu. Mwanachama ana akiba ya 300,000. Karani wa kwanza anafungua faili, anaona 300,000. Wa pili naye ana nakala yake, anaona 300,000. Wa kwanza anapokea 50,000, anaandika 350,000, anahifadhi. Wa pili anatoa 20,000, anaandika 280,000, anahifadhi baada yake. Salio la kweli ni 330,000. Faili linasema 280,000, na ile 50,000 imefutika ilhali mwanachama ana risiti mkononi. Mtasema Google Sheets inaruhusu watu kuandika pamoja. Kweli, na inapunguza tatizo la nakala nyingi, lakini bado haitamzuia mtu kuburuta fomula juu ya safu nzima ya masalio.

Mfumo wa hifadhidata unapopokea ombi la "ongeza 50,000 kwenye salio lililopo", unaufunga mstari huo kwa sehemu ndogo ya sekunde; wa pili anasubiri, kisha anatoa 20,000 kwenye 350,000. Ila tahadhari: kinga hii inafanya kazi pale tu hesabu inapofanywa na mfumo wenyewe. Programu ya kijana ikisoma salio, ikalijumlisha pembeni, kisha ikarudisha jibu, kosa lilelile la Excel linarudi, safari hii ndani ya PostgreSQL. Wengi hupotelea hapo. Dawa ni kuufunga mstari wakati wa kuusoma, kwa SELECT ... FOR UPDATE. Iliyo bora kuliko zote kwa chama cha akiba ni kutoandika salio kabisa: andikeni kila muamala kwenye mstari wake, salio liwe jumla ya miamala. Kosa likitokea, unaliona lilipo.

Muamala wenyewe una maana ya ziada hapa: kundi la maandishi yanayofanyika yote au yasifanyike lolote. Chukua mwanachama anayetaka 50,000 itoke kwenye akiba ikalipie mkopo. Hayo ni maandishi mawili, na umeme unaweza kukatika katikati:

BEGIN;
INSERT INTO akiba_miamala VALUES (117, -50000, CURRENT_DATE);
INSERT INTO marejesho VALUES (212, 50000, CURRENT_DATE);
COMMIT;

BEGIN inaanzisha muamala, COMMIT inauthibitisha; 117 ni namba ya mwanachama, 212 ni ya mkopo. Kabla ya COMMIT hakuna kilichotokea. Baada ya COMMIT vyote viwili vimetokea. Hakuna nusu. PostgreSQL huandika kwanza kila badiliko kwenye daftari la kumbukumbu, na COMMIT hairudishi jibu mpaka daftari hilo liwe limefika kwenye diski. Umeme ukirudi, mfumo unasoma daftari, unakamilisha kilichothibitishwa na kuacha ambacho hakikuthibitishwa. Kuna mpangilio unaoitwa fsync, unaolazimisha maandishi yafike kwenye diski, ambao mafundi wenye haraka huuzima ili mfumo uonekane mwepesi. Ukizimwa, ahadi yote hiyo imekufa. Na bado nunueni UPS, betri inayoshikilia kompyuta umeme ukikatika. Faili la hifadhidata linaweza kuvumilia, diski yenyewe huenda isivumilie.

Kuhusu kasi sitawachosha, kwa sababu nyinyi ni wadogo. Wanachama 1,400, miamala mitatu kila mmoja kwa mwezi, kwa miaka kumi ni mistari 504,000. PostgreSQL inaubeba mzigo huo kwenye kompyuta ya kawaida yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD. Jambo moja tu: faharasa. Bila faharasa, kumtafuta mtu kwenye marejesho ni kusoma jedwali zima. Ukiwa nayo, ni kusoma kurasa tatu au nne. PostgreSQL hutengeneza faharasa ya ufunguo mkuu yenyewe, lakini haitengenezi ya ufunguo wa kigeni. Mfumo ukianza vizuri kisha mwaka wa pili taarifa ya mwanachama ikachukua sekunde kumi kufunguka, mwambieni kijana akaangalie hapo kwanza.

Ruhusa ni jambo ambalo vyama hulichukulia kirahisi mno. Kila karani awe na akaunti yake, si nywila moja iliyobandikwa ukutani. Karani aweze kuongeza mstari kwenye marejesho, asiweze kuurekebisha wala kuufuta; akikosea, anaandika muamala wa kurudisha na mwingine sahihi, kama mhasibu anavyofanya kwenye daftari la wino. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya 2019. Faili lenye NIDA na madeni ya watu 1,400 linalozunguka WhatsApp ni mzigo ambao bodi yenu ingefaa kuujua.

Mchague upi? Kama mngekuwa na kompyuta moja na karani mmoja, ningesema SQLite: ni faili moja, haina seva (kompyuta au programu inayohudumia nyingine), na imo ndani ya kila simu ya Android. Lakini huruhusu mwandishi mmoja kwa wakati, na funguo za kigeni hazilindwi mpaka programu iziwashe kila inapounganika, kwa PRAGMA foreign_keys = ON. MySQL na ndugu yake MariaDB ziko karibu kila mahali panapouzwa nafasi ya tovuti, nazo zinafaa, mradi majedwali yawe ya aina ya InnoDB. Yale ya zamani ya MyISAM yanapokea ufunguo wa kigeni kwa adabu kisha yanaupuuza. Access, hifadhidata ya Microsoft, kikomo chake ni GB 2 kwa faili, na faili linaloshirikiwa kwenye mtandao wa ofisi huharibika mara nyingi mno kwa pesa za watu. Kwenu ningechagua PostgreSQL, seva iwe ofisini kwa waya, na mlango wake wa mtandao, namba 5432, usifunguliwe kwa intaneti. Mifumo isiyo ya majedwali, kama MongoDB, ina kazi zake. Mikopo na marejesho si mojawapo.

Kuhama ndiko kunakoumiza, kwa hiyo msikimbie. Chagueni siku, baada ya kufunga mwezi, mseme mafaili ya Excel hayaguswi tena, kisha mtengeneze nakala. Safisheni hukohuko kwenye Excel: NIDA zilizoharibika ziandikwe upya kutoka kwenye fomu za karatasi, tarehe zote ziwe kwa mpangilio wa mwaka-mwezi-siku, 2024-07-03, ambao hauna utata. Hifadhini kwa muundo wa CSV (maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato) wenye usimbaji wa herufi wa UTF-8. Na baada ya hapo faili hilo la CSV lisibonyezwe mara mbili kulifungua, maana Excel italifungua, itakula sifuri za simu upya, na ukihifadhi umerudi mwanzo.

Data isiingie moja kwa moja kwenye majedwali halisi. Tengenezeni jedwali la mapokezi ambalo kila safu yake ni maandishi, lisilo na kanuni, mmwage kila kitu humo. Kisha ulizeni: NIDA zipi zimejirudia? Zipi hazina tarakimu 20? Marejesho yapi yanataja mkopo usiokuwepo? Tegemeeni orodha ndefu, na tengeni wiki mbili za kuimaliza. Zilizosafika zihamishwe kwenye majedwali yenye kanuni. Mwisho linganisheni: jumla ya akiba, jumla ya mikopo iliyotolewa, jumla ya marejesho, mfumo mpya na Excel, mpaka shilingi ya mwisho. Endesheni vyote viwili kwa miezi miwili. Ni kazi maradufu na makarani watanung'unika, lakini kosa la riba halionekani hadi mfunge mwezi kwa kweli.

Nakala rudufu. Kila usiku amri kama hii ijiendeshe yenyewe:

pg_dump -Fc chama > chama_leo.dump

Nakala itoke nje ya jengo, ikiwa imefungwa kwa nywila. Tunzeni za siku 7, za wiki 4 na za miezi 12. Amri hiyo haibebi akaunti za watumiaji. Hizo huchukuliwa na pg_dumpall kwa chaguo la --globals-only. Kunakili folda ya data wakati seva inafanya kazi si nakala rudufu, na seva ya pili inayofuatisha ya kwanza si nakala rudufu pia, kwa kuwa mtu akifuta kimakosa huku, kule kunafutika sekunde hiyohiyo. Mara moja kwa mwezi rudisheni nakala kwenye kompyuta nyingine na mhesabu mistari. Januari 31, 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayowatunzia watu programu wanazoziandika, alifuta folda ya data kwenye seva isiyokuwa yenyewe. Walipoenda kwenye nakala za kila siku wakakuta hakuna kitu: pg_dump iliyokuwa ikiendeshwa ilikuwa ya toleo 9.2 na hifadhidata ilikuwa ya 9.6, ikawa inakataa kila siku, na barua pepe za kuonya hazikumfikia mtu. Waliokolewa na nakala iliyochukuliwa kwa mkono saa sita kabla. Kampuni yenyewe ndiyo iliyoyaeleza hayo hadharani.

Na mtu yeyote anayeruhusiwa kufuta moja kwa moja azoee kuanza na BEGIN. DELETE FROM marejesho bila WHERE, yaani bila sharti, inafuta jedwali zima bila kuuliza mara mbili. Ukiwa umeanza na BEGIN utaona jibu "DELETE 48211", moyo utaruka, utaandika ROLLBACK, na mistari yote itabaki mahali pake.

Kabla hamjamlipa kijana, mfanyieni jaribio moja dogo. Mwambieni amsajili mwanachama anayeitwa Nyang'oro. Kile kipashio cha ng' kina alama ambayo SQL huitumia kufungia maandishi. Fomu ikigoma au ikatoa kosa, huenda programu inaunganisha kile alichoandika mtumiaji moja kwa moja na amri ya SQL, na mtu mjanja anaweza kuingiza amri zake mwenyewe kwa njia hiyohiyo. Akisema atafanya jina liandikwe Nyangoro, msikubali. Dawa ni kupeleka maandishi kama kigezo, mbali na amri, na kila lugha ya programu ina njia ya kufanya hivyo. Muulizeni pia: nikitaka kuachana nawe, napata data yangu kwa muundo gani? Jibu linalofaa ni faili la pg_dump na nywila ya msimamizi, siku mnayotaka.

Mhasibu naye asinyang'anywe Excel. Mfungulieni akaunti ya kusoma tu, yenye ruhusa ya SELECT na si nyingine, na Excel yake iunganishwe na PostgreSQL kwa ODBC, njia ya kuunganisha programu na hifadhidata. Akibonyeza kuonyesha upya, takwimu za leo zinaingia kwenye karatasi yake; achore, ajumlishe, apake rangi anavyopenda. Akifuta safu nzima kwa bahati mbaya, abonyeze tena.